Muulize Mlinzi wa Msitu: Mialoni Mifupi ya Wachusett na Barua Nyingine

Barua za mwezi huu zimenikuta nimekaa barazani kwangu Kapchorwa, goti linauma kwa sababu mvua imekataa kuondoka. Nimejibu nne. Ya tano ni ya mtu anayetaka kuniuzia jenereta, hiyo nimempa mwanangu.

SWALI: Mzee, sisi ni kikundi cha kusoma Biblia hapa Ggaba. Tulipofika Mwanzo 18, Bwana anapomtokea Abrahamu kwenye mialoni ya Mamre, kijana mmoja akauliza kama Abrahamu alikuwa mvuvi. Kwetu mwaloni ni pale mitumbwi inapofikia na mukene, dagaa wa ziwani, unapoanikwa. Mwingine akasema mwaloni ni mti, na ndio huu grevilea uliojaa kwenye mashamba ya kahawa. Tuamue. – Wasomaji watatu, Ggaba

JIBU: Kijana wenu hana kosa. Mwalo ni neno la ziwani, na mtu akisema yuko mwaloni yuko kwenye samaki. Mwaloni wa Mamre ni mti. Wingi wake ni mialoni, na katika misitu yetu ya asili haumo hata mmoja. Kuna aina kama 500 za mialoni duniani, na Mexico ndiyo yenye nyingi kuliko nchi nyingine. Afrika imepata chache tu, kule kaskazini: Morocco, Algeria, Tunisia. Jangwa likaizuia isishuke kuja kwetu.

Kuhusu grevilea, mwenzenu amedanganywa na jina. Mti huo ulitoka Australia. Waingereza waliuita mwaloni wa hariri kwa sababu mbao yake ikipasuliwa inaonyesha mabaka yanayong'aa, kama mbao ya mwaloni. Ni kama mtu wa Mbale kuitwa Mchina kwa sababu ana duka la simu. Hawana ukoo wowote.

Nimeanza na barua hii makusudi, maana inayofuata inahitaji mjue mwaloni ni nini.

SWALI: Mulembe, Mzee wetu. Mimi ni binti wa Manafwa, nafanya kazi ya kutunza wazee hapa Waltham, Massachusetts, zamu ya usiku. Oktoba hii wenzangu wa kazini walinichukua kwa gari, mwendo wa saa moja hivi, mpaka mlima unaoitwa Wachusett. Karibu na kilele nikaona miti ambayo kwanza nilidhani ni kahawa ya mtu iliyotelekezwa: mifupi, minene kwa chini, matawi yamepinda kama vidole vya mzee mwenye baridi yabisi, chini mawe matupu. Mwenzangu akasema ni mialoni, na kwamba mlimani hapo kuna miti yenye zaidi ya miaka mia tatu. Nilicheka. Kwetu mti wa umri huo hamuukumbatii hata mkiwa wanne. Huu nilioukumbatia, vidole vyangu vilikutana. Je, walinifanya mshamba? Na nani aliikata ikawa hivyo? Halafu nimeokota kokwa zake nane, ziko kwenye kaveera ndani ya friji. Nataka nije nazo Desemba nizipande kwa mama. – Binti wa Manafwa, Waltham

JIBU: Mulembe, binti yangu. La kokwa nitalijibu mwishoni kabisa, maana linanitia wasiwasi. Tuanze na umri.

Hawakukudanganya. Kwa miaka mingi hata watu wa huko walipita chini ya miti hiyo wakidhani ni kichaka tu. Ni mwaka 1995 ndipo ilipogundulika kwamba kwenye miteremko ya Wachusett kuna msitu wa kale, kiasi cha ekari 220, ambao haukuwahi kukatwa. Watafiti walipoipima miti yake walipata umri wa miaka 150 hadi 370. Kumbuka kwamba karibu Massachusetts nzima ilifyekwa na wakulima katika karne ya 18 na ya 19. Msitu mwingi unaouona ukiwa kwenye basi ni mtoto uliorudi baada ya mashamba kuachwa. Ile miti yako mifupi ilikuwepo kabla ya shamba na baada ya shamba.

Namna ya kuupima umri ni rahisi. Mtu huchukua keekee yenye tundu katikati, anaizungusha ndani ya shina mpaka kiini, anatoa kijiti chembamba kama penseli, kisha anahesabu pete. Mwaloni ni mti mwema kwa kazi hii. Kila majira ya kuchipua hufungua mirija mipana ya kupandisha maji, halafu kiangazi kinapoendelea huweka mbao nzito yenye mirija midogo. Mstari wa ile mirija mipana unaonekana kwa jicho. Ni mti ulioandika kumbukumbu zake kwa mwandiko safi, tofauti na miti ya kwetu ambayo nitaisema baadaye.

Sasa fanya hesabu pamoja nami. Chukua mwaloni ambao kila mwaka unaongeza pete ya nusu milimita, na hilo si jambo geni kwa mti wenye njaa. Miaka 300 ni milimita 150 kutoka kiini hadi gome. Mara mbili, sentimita 30. Hiyo ndiyo nguzo uliyoikumbatia vidole vikakutana. Mti wa kwenu Manafwa, wenye udongo mweusi wa volkano na mvua misimu miwili, unafikia unene huo huku mtoto yuko shule ya msingi. Unene ni habari ya chakula. Umri utafute kwenye pete.

Nani aliikata? Hapa naomba unisikilize taratibu, kwa sababu watu wengi, mimi nikiwamo, hujibu kwa neno moja, "urefu wa mlima", na hilo si jibu. Wachusett una mita 611 tu kutoka usawa wa bahari. Kampala iko kama mita 1,200. Yaani ule mlima mliouhemea na wenzako ni nusu ya mahali mama mboga wa Nakasero anapopanga nyanya zake! Hewa hupoa kama nyuzi sita kwa kila mita elfu unazopanda, kwa hiyo kutoka pwani ya Boston mpaka kilele hicho mti unapoteza nyuzi tatu au nne tu. Haziwezi peke yake kuugeuza mti wa mita 25 kuwa kichuguu. Na mwaloni mwekundu wa bondeni, ule mrefu ulionyooka, ni aina ile ile moja na wa kileleni.

Angalia badala yake mlima umekaaje. Wachusett umesimama peke yake, na mashariki mwa mto Connecticut hakuna pengine palipoinuka kuupita katika jimbo zima. Upepo unaotoka magharibi, ukishauvuka mto huo, haukutani na kizuizi kirefu kama huu mpaka unapougonga mgongo wake. Mti mchanga unaotikiswa kila siku hubadili mipango. Mwaka 1971 yalichapishwa majaribio ya California ambapo miche ya mti mmoja ilitikiswa kwa mkono nusu dakika tu kila siku. Haikufika hata nusu ya urefu wa wenzao walioachwa watulie. Mti ukihisi unayumbishwa unaacha kurefuka na kuanza kunenepa chini, kama mpagazi anayetanua miguu mzigo unapoyumba. Kwa hiyo ule unene wa chini ulioushangaa ni jibu la mti kwa upepo.

Halafu kuna barafu. Hili wewe umeliona, wengi wa wasomaji wangu hawajaliona, kwa hiyo nalieleza. Wingu lenye matone baridi kupita kiasi cha kuganda linapopita mlimani, matone yanaganda papo hapo yakigusa tawi. Mvua ikinyesha hewa ya chini ikiwa baridi kuliko ya juu, inaganda vivyo hivyo na kulivika tawi koti la kioo. Tawi jembamba linaweza kubeba barafu nzito kuliko lenyewe mara nyingi. Desemba 2008 dhoruba ya barafu iliipiga Massachusetts ya kati, eneo hilo hilo la Wachusett, miti ikavunjika usiku kucha, na watu wakakaa bila umeme kwa siku nyingi. Mti mrefu wenye kichwa kikubwa ndio unaopasuka. Mfupi hupoteza vidole, hubaki na mkono.

Kumbe huo ndio mkasi ulioutafuta. Hakuna aliyeikata siku moja. Kila mwaka mti unarefuka kidogo, na kila mwaka baridi inaua matumba ya ncha upande wa upepo, barafu inavunja tawi, jalidi ya mwisho inachoma majani machanga. Mwaloni nao haukati tamaa: chini ya gome umeficha matumba yaliyolala miaka na miaka, tawi likivunjika yanaamka na kutoa mengine kwa pembeni. Tawi la pembeni nalo likivunjika, linatoka jingine. Ndiyo maana umbo lake ni viwiko vitupu. Kila kiwiko ni mahali palipokuwa na ncha. Unalipa kodi ya nyumba kwa matawi.

Na sakafu yenyewe ni mawe. Udongo wa mgongo wa mlima huteremshwa na maji kila mvua, majani yanayoanguka hupeperushwa mpaka bondeni, na yanayobaki huoza polepole kwa sababu ya baridi na uchachu. Mti uko juu lakini shamba lake limehamia chini.

Mlima huu si wa peke yake. Ukifuata safu ya Appalachia kusini mpaka North Carolina na Georgia, utakuta kwenye migongo ya mita elfu moja na zaidi misitu ya mwaloni mwekundu na mweupe yenye sura ya bustani ya matunda iliyozeeka, chini yake nyasi laini. Mimi huko sijafika. Nimefika Devon, Uingereza, mwaka 2019, kwa sababu binti yangu ni nesi Plymouth. Alinipeleka kuona mialoni ya Wistman's Wood katika nyanda za Dartmoor. Akaniambia, "Baba, tunapanda mlimani." Mimi niliyezoea kulala mita elfu tatu na nusu nikapandishwa mita 400. Nikawa nauliza mlima uko wapi.

Lakini nilinyamaza tulipofika. Vibete vimesimama katikati ya mawe makubwa ya matale, vimevikwa kuvumwani kutoka mzizi hadi ncha, kimya kama msikiti saa tisa ya alasiri. Hapo nilijifunza kazi ya mawe. Uwanda wote ule unalishwa kondoo na ng'ombe, na mche wowote wa mwaloni unaoota kwenye nyasi unaliwa. Kokwa iliyotumbukia katikati ya mawe ndiyo iliyopata ukuta. Msitu ule upo pale kwa sababu pale ndipo mdomo wa kondoo haufiki. Siku hizi wanaoombwa wasiingie ndani ni watu, kwa sababu viatu vyetu vinaumiza kuvumwani, nasi tukazunguka kwa nje kama walivyosema. Binti yangu alipiga picha, mimi nikahesabu kondoo.

Swali ambalo hukuniuliza lakini ulipaswa: kwa nini wakulima waliofyeka jimbo zima waliacha miti hii? Kwa sababu hawakuwa na la kuifanyia. Ubao hautoki kwenye viwiko. Kuivuta kati ya mawe makali kungemvunja ng'ombe miguu. Hapa Elgoni nimeona kinyume chake. Miti yetu iliyonyooka, podo, mizeituni pori, mitarakwa, ndiyo iliyofuatwa na misumeno nilipokuwa kijana kazini, na nimehesabu visiki mpaka nikachoka kuandika. Usidhani lakini kwamba kupinda kunatosha kumkinga mti. Mti uliopinda hapa kwetu unaitwa kuni.

SWALI: Mzee, kwa heshima, toleo lililopita ulikosea. Uliandika kwamba erika za juu Elgoni ni fupi "kwa sababu ya upepo". Mimi ni mwalimu wa jiografia Sironko na nimepanda kwa njia ya Sasa mara nne. Kama upepo ndio adui, mbona chini bondeni, palipo na kinga, erika hakuna kabisa, ni majani ya mafungu tu na zile senesio kubwa, wakati kwenye mteremko ulio juu yake erika zimejaa? Na je, joto la dunia likizidi, zitarefuka? – Mwalimu, Sironko

JIBU: Mwalimu, nimekosea, na nimekosea kwa kitu nilichokilalia mwenyewe.

Wasomaji wengine wajue tunasema nini. Ukipanda Elgoni kutoka Budadiri unapita mashamba, kisha msitu mkubwa, kisha mianzi tunakotoa malewa, yale machipukizi ya kula, halafu kuanzia kama mita elfu tatu unaingia kwenye erika. Ni miti yenye majani madogo kama sindano, na ndevu za kijivu zinaning'inia kila tawi. Rwenzori, ambako ukungu haukauki, erika zilizojificha vizuri hufika mita kumi, na chini yake unatembea juu ya kuvumwani laini kama godoro. Hiyo hiyo, kwenye mgongo uliokaa wazi, inakufika kiunoni. Huo ndio upepo niliousema, na hapo sikukosea.

Lakini bondeni ni habari nyingine. Mwaka wangu wa pili kazini, tulikuwa doria watu wawili, karibu na kaldera. Mimi nilijiona mjanja nikatandika hema chini kando ya kijito, mbali na upepo. Mwenzangu, mzee wa Bukwo, alipanda kama hatua hamsini akalala kwenye erika, upepo unampiga. Asubuhi hema langu lilikuwa gumu kama bati na maji ya chupa yameganda mpaka chini. Yeye alikuwa amewasha moto na maji yake yanachezacheza. Akaniuliza kama nilifurahia kinga.

Hewa baridi ni nzito, Mwalimu, unajua kuliko mimi. Usiku usio na mawingu ardhi inapoteza joto, hewa iliyoigusa inapoa, inateremka miteremko polepole kama uji na kujaa bondeni. Kwa hiyo kwenye mabonde ya juu baridi kali kabisa iko chini, siyo juu. Ongeza na maji yanayotuama kwenye udongo ule mweusi. Mche wa erika unakufa kabla haujavaa viatu. Senesio kubwa anaishi pale kwa sababu ana koti, hatupi majani yake yaliyokufa, anayaacha yamzunguke shina, na usiku anafunga majani mabichi juu ya tumba lake kama mama anayefunika mtoto.

Na hapa ndipo mti wetu unapoachana na mwaloni wa binti wa Manafwa. Mwaloni una kipupwe kimoja kwa mwaka. Unadondosha majani, unafunga duka, unalala miezi mitano. Olov Hedberg, mtaalamu wa mimea wa Sweden aliyeipanda milima ya Afrika Mashariki mwaka 1948, alisema kwamba huku juu ni kiangazi kila mchana na kipupwe kila usiku. Erika hawezi kufunga duka. Anagandishwa na kuyeyushwa mara nyingi kwa mwaka akiwa na majani yake yote kichwani. Ndiyo maana pia mwandiko wake hausomeki: bila msimu mmoja mrefu wa kulala, pete zake si lazima ziwe moja kwa mwaka. Nimewahi kukata shina lililoanguka nikahesabu pete, nikampa mkuu wangu jibu kwa kujivuna. Hakulipokea, na alikuwa na haki.

Kuna la tatu ambalo wewe na mimi tumelisahau, nalo ni moto. Erika ina mafuta, inawaka hata ikiwa mbichi. Warina asali wanasahau moshi wao, wachungaji wanachoma ili majani mapya yaote, na mteremko mzima unakwenda. Inayobaki ni kifundo kinene kwenye usawa wa udongo, na ndicho kinachochipua tena vijiti kumi badala ya shina moja. Nikikupeleka kwenye kichaka cha erika cha kimo chako, hutajua kama kinadumazwa na upepo au kama moto ulipita miaka minane iliyopita. Chimbua kwa kidole pale chini utafute mkaa. Mimi ndiyo njia niliyotumia miaka 31, na haijawahi kunitia aibu kama ile ya pete.

Joto likizidi? Kule Wistman's Wood miti imerefuka wazi katika karne iliyopita. Ukilinganisha picha za kale na za sasa utadhani ni msitu mwingine, na mialoni michanga iliyonyooka imetokea kati ya vibete. Kwetu nisingetarajia hadithi tamu kama hiyo. Kiangazi kikiwa kikavu zaidi, moto unapanda juu zaidi, na erika inayochomwa kila mara haipati nafasi ya kurefuka hata hewa ikiwa nzuri namna gani. Waambie wanafunzi waje tupande pamoja. Wasije na hema za bondeni.

SWALI: Nimepanda mikaratusi 60 kwenye mgongo wa shamba langu, Bukwo, upepo umeipinda yote. Niifunge kwenye miti ya kuegemeza? – Mkulima

JIBU: Ukiifunga imara haitanenepa, na siku kamba ikikatika italala chini, maana mti unajenga shina kwa kuyumba. Kama ni lazima, funga chini, theluthi ya kimo, kamba ilegee, na ifungue baada ya mwaka mmoja. Mara nyingine panda miche midogo, isiyozidi goti, ile mirefu ya kitaluni ni mapambo. Anza na mstari wa grevilea na mringaringa upande upepo unakotoka, ndani yake ndipo uweke unachokitaka kinyooke. Na mikaratusi usiisogeze karibu na chemchemi, nitakasirika.

Sasa zile kokwa nane.

Binti yangu, usije nazo. Nitakueleza sababu mbili, zote za huko huko ulipo.

Migongo ile ya Appalachia haikuwa ya mwaloni peke yake. Ilikuwa na mti mwingine, mchesinati wa Marekani, uliokuwa umetanda kutoka kaskazini mpaka kusini, watu na dubu wakila kokwa zake. Mwaka 1904 kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, iligunduliwa kuvu kwenye magome, iliyokuwa imesafiri na miche iliyoletwa kutoka Asia. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, mtu alitaka mti mzuri. Kufikia mwaka 1950 michesinati kama bilioni nne ilikuwa imekufa. Visiki vyake bado vinachipua mpaka leo, kuvu inavikuta, vinakufa tena. Sehemu nyingi ambazo leo ni za mwaloni, mwaloni umekalia kiti cha marehemu.

Ya pili iko jirani yako. Medford, si mbali na Waltham. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Mfaransa mmoja, Étienne Trouvelot, aliwaleta nondo kutoka Ulaya kwa majaribio ya hariri, wakamtoroka. Viwavi wao wanapenda majani ya mwaloni kuliko kitu kingine chochote. Waulize wenzako wa kazini kuhusu kiangazi cha 2016 na 2017, walivyosikia kinyesi cha viwavi kikidondoka msituni kama mvua ya manyunyu.

Wewe ni mtoto wa mkulima. Unakumbuka mnyauko wa migomba ulipoingia Uganda mwaka 2001, na mnyauko wa kahawa robusta kabla yake. Mbegu yoyote ya mti kutoka nje inataka kibali cha Wizara ya Kilimo, na ndani ya kokwa ya mwaloni mara nyingi amelala funza ambaye hukumwona.

Lakini usizitupe, maana bila kujua umezifanyia mema. Kokwa ya mwaloni mwekundu hukomaa kwa miaka miwili, kwa hiyo hizo ulizookota ua lake lilichanua mwaka jana. Haichipui mpaka ipitie baridi ya miezi kadhaa, ndiyo kazi ambayo friji yako inaifanya sasa hivi. Angalia tu zisikauke, zikikauka zimekufa. Mwezi wa tatu zitumbukize kwenye bakuli la maji. Zinazoelea tupa, hizo funza amekwisha kula. Zinazozama zilaze kwa ubavu kwenye chungu kirefu, kwa sababu mzizi unatangulia na unakwenda chini sana kabla jani halijaonekana, kisha funika kwa waya, kindi wa huko ni wezi.

Halafu muulize yule bibi unayemtunza usiku kama ana kiwanja nyuma ya nyumba.